Sahihi iliyomponza dobi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Korido ya ghorofa ya pili ni nyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na humo ndani mwanamke wa miaka hamsini na miwili anakamua shati la kumi na moja. Analishika mabegani na kiunoni, analizungusha mara tatu, kisha analikung'uta kwa nguvu mpaka linalia kama kofi. Analitia kwenye henga na kulitundika kwenye bomba lililopita juu ya kichwa chake.

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Ni dobi, na si dobi wa mzaha. Kola aliyoitia wanga yeye inasimama mpaka jioni, na mwenye shati akitaka kugeuza shingo itabidi ageuke mwili mzima.

"Hapa jua linaingia saa nne, ikifika saa sita limeshaondoka," anasema huku akinyoosha mkono kuchukua shati jingine. "Jua lenyewe la kuazima. Ukizubaa kidogo, nguo zinalala na unyevu, na mteja ana pua."

Mwisho wa korido kuna dirisha moja. Ukisimama pale unaona, ng'ambo ya kichochoro, ua wa saruji uliozungushiwa ukuta mfupi. Una tangi la maji, karo la kufulia, mlango wa kijani wenye kufuli, na kamba saba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kamba zote ni tupu. Jua hujaa mle ndani tangu asubuhi na halina cha kukausha.

Kila baada ya mashati mawili matatu Mama Pasi anasogea dirishani, anachungulia, anarudi kwenye beseni lake. Ndivyo anavyofanya kwa mwaka wa pili sasa.

"Nikiangalia, roho inaniuma. Nisipoangalia, inaniuma zaidi," anasema. "Basi bora niangalie."

Ua ule aliwahi kuumiliki. Anasema mwenyewe kwamba aliumiliki kwa muda wa mtu kufungua ukurasa.

Alifika kwenye nyumba yenye ua ule miaka ishirini na sita iliyopita akiwa na begi moja mkononi na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto alikuwa wa dada yake, aliyefariki ghafla bila kuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Hakuna aliyejua mtoto alelewe na nani, wala cheti chake cha kuzaliwa kilipo. Cheti kilipatikana baada ya miezi mitano, kimeshonewa ndani ya bitana ya koti.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, dobi tangu usichana wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Mama Pasi alimwita Bibi, na wote tuliozungumza nao wanamwita hivyo hivyo.

"Alinipa shati, akaniambia nipige pasi mkono mmoja tu," Mama Pasi anakumbuka. "Akauangalia mbele na nyuma. Akasema, 'Haya, malizia na wa pili, usimwache mwenzake ananung'unika.' Usaili ukaishia hapo."

Bibi alimfundisha kushona uzi mwekundu ndani ya kola ili nguo za watu zisichanganyike, kupima joto la pasi kwa tone la maji, na kuanika mashati yakiwa yamepinduliwa ili jua lisile rangi. Kwa kamba zile saba walitoa mashati sitini kwa siku. Leo, kwenye korido yake ya kupanga, Mama Pasi akijitutumua sana anafikisha ishirini na mawili.

Bibi alimwita mwanangu. Mama Pasi hakulitilia maanani, kwa sababu Bibi alimwita mwanangu kila aliyepita mlangoni, pamoja na paka wa jirani.

Nyumba ile ilikuwa na kidonda chake. Mume wa Bibi alifariki mwaka mmoja kabla Mama Pasi hajafika, naye hakuacha wosia. Watoto walikuwa watatu. Kitinda mimba, kijana wa miaka ishirini na miwili wakati huo, alitaka nyumba iuzwe kila mtu achukue chake. Bibi akakataa katakata. Maneno yakatoka ambayo hayarudishiki mdomoni, na kijana akabeba nguo zake akaondoka. Mama Pasi hakuwahi kumtia machoni.

Tangu hapo Bibi aliapa kwamba yeye hataacha ugomvi nyuma yake, ataandika wosia. Aliapa hivyo mwaka hadi mwaka, kila mara akisema ataanza wiki ijayo, kama tunavyosema sisi sote. Miaka minne iliyopita macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akaacha kuapa akaita mwandishi.

Mwandishi alikuwa jirani, mwalimu mstaafu mwenye hati nzuri. Walijifungia sebuleni siku mbili, Bibi akisema, mwalimu akiandika. Siku ya tatu walihitaji mashahidi wawili wa kutia sahihi. Mwalimu alikuwa wa kwanza. Wa pili angekuwa muuza mkaa wa kona ya pili, lakini siku hiyo alikuwa amekwenda kufuata mzigo, na Bibi hakuwa mtu wa kusubiri mkaa.

"Akaniita kutoka uani, nina povu mpaka kwenye viwiko," Mama Pasi anasimulia. "Akasema, 'Si wewe hapo? Jifute mikono uje utie sahihi.' Karatasi ameifunika na foronya, imebaki nafasi ya chini tu. Nikauliza, Bibi, natia sahihi kitu gani? Akaniambia, 'Mambo ya watu wazima, usichungulie.' Na mimi nina miaka arobaini na minane!"

Hakuchungulia. Alidhani ni mambo ya wanawe. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni anatabasamu peke yake, Mama Pasi akafikiri mzee wa watu amefurahia chai.

Sahihi yake alijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, na anajivunia. Ina mkia mrefu unaopinda mwishoni. Siku ile aliuvuta ule mkia hadi pembeni kabisa ya karatasi. Bibi akacheka kwa furaha, akamwambia arudi kwenye nguo zake.

Miaka miwili baadaye Bibi alifariki usingizini. Baada ya maziko familia iliitwa ofisi ya mirathi, na Mama Pasi akaambiwa naye afike. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Karani wa mirathi, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, akaanza kusoma: nyumba kubwa kwa watoto watatu kwa mafungu sawa, vyombo kwa binti mkubwa, saa ya ukutani kwa mwana wa kati.

Kisha akasoma jina kamili ambalo mtaani hakuna anayelijua. Lilikuwa la Mama Pasi: chumba cha kufulia, ua na kamba zake saba, na mlango wa nyuma wa kupitia, apewe huyu ambaye amekuwa mwanangu, apige pasi mpaka achoke mwenyewe.

"Nilisikia masikio yanavuma," anasema. Anaacha kukamua. Maji yanatiririka kutoka kwenye shati hadi kwenye viatu vyake na hana habari. "Nikageuka kumtafuta Bibi nimwambie ahsante. Kweli kabisa, niligeuka. Halafu nikakumbuka tumetoka kumzika."

Karani akafungua ukurasa wa mwisho. Akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza, "Shahidi wa pili hapa ni nani?"

"Nikainua mkono juu kama mtoto aliyepata jibu darasani," Mama Pasi anasema. "Nikasema, ni mimi! Na ile sahihi ni yangu, mkia na yote!"

Karani hakucheka. Akamweleza kwamba kwa sheria wanayoitumia, shahidi hatakiwi kuwa na chake ndani ya wosia. Akiwa nacho, wosia wenyewe unabaki, lakini fungu lake linaanguka.

Mama Pasi hakuelewa, akauliza tena. Karani akarudia polepole: sheria inahofia kwamba shahidi wa aina hiyo huenda alimshika mkono mwenye wosia aandike anavyotaka yeye.

"Nikamwambia, mama, kumshika mkono nilimshika, alikuwa haoni ngazi."

Tulipomtembelea karani huyo ofisini kwake, alituambia kosa hili analikuta kila mwaka. Sheria za mirathi hutofautiana kutoka mahali hadi mahali na hata kwa dini ya mtu, alisema, kwa hiyo kila mmoja aulize za kwao kabla hajashika kalamu. Lakini makosa ya watu yanafanana. "Mtu akitaka shahidi anaita aliye karibu. Na aliye karibu ndiye aliyempa kitu. Mimi nawaambia, kwa jambo hili tafuta mtu baki, hata kama chai yake itakugharimu."

Mwalimu mstaafu alikwenda kwa Mama Pasi jioni ile ile kuomba radhi. Alijua kilichokuwa chini ya foronya, hakujua sheria. Alishika tama kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. "Ikabidi nimbembeleze yeye," anasema Mama Pasi. "Nimefiwa mimi, nimenyang'anywa mimi, na kubembeleza nibembeleze mimi."

Ua ukawa sehemu ya mali ya watoto watatu. Karani aliwaonyesha njia moja: kwa kuwa wote ni watu wazima, wanaweza kukubaliana wampe wenyewe, kwa hiari, na wote watatu watie sahihi. Akikosekana hata mmoja, haiwezekani. Binti mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alifunga nyumba, ua na chumba kwa kufuli ili mambo yaishe bila mtu kulalamika kwamba mwenzake amependelewa.

"Najua ananiona nina roho mbaya kila anapochungulia lile dirisha," binti mkubwa alituambia. "Lakini ningemwachia aendelee, kesho mdogo wangu angetokea na kusema tumegawana yeye hayupo. Hayo ndiyo yaliyotuvuruga alipokufa baba." Yeye alikuwa wa kwanza kusaini. Mwana wa kati, anayeuza matairi, alivuta miguu miezi minne hadi mkewe alipomjia juu. Sahihi ya tatu haikuwepo, na mwenye nayo hakujulikana alipo.

Ukimuuliza Mama Pasi anachokitamani, utadhani atataja jua. Analitaja kweli. Anataja pia mlio wa kamba ya nne, ambayo upepo ukiipiga huimba, na ule ubaridi wa saruji chini ya miguu asubuhi. Lakini akishazungumza hayo, linatoka la moyoni lenyewe.

"Aliniona mtoto wake na mimi sikujua. Tumekaa miaka miwili baada ya ile sahihi, tunakunja mashuka, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Analo moyoni, ananiangalia. Laiti ningejua, ningemshukuru kila siku. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko ua," anasema.

Wateja wake sasa wamemwongezea jina, wanamwita Mama Wosia, kwa sababu huwezi kuacha suruali kwake bila kuulizwa kama umeandika. Asubuhi hii anafika dereva wa lori kuchukua mashati yake mawili.

"Umeandika?" anamuuliza.

"Mama, mimi nina nini cha kuandika? Nina lori la tajiri na madeni yangu mwenyewe."

"Una watoto. Wakibaki, nani atawalea? Mama yako au mama mkwe wako?"

Dereva anajikuna kisogo. "Hapo umenigusa. Hao wawili hawaketi benchi moja."

"Basi unalo la kuandika. Na uandike vitu vyako viko wapi. Unaziona zile suti?" Anamwonyesha suti tano zilizofunikwa plastiki ukutani. "Wenyewe wamekufa. Familia zao zimepekua nyumba nzima, hazijui kama marehemu aliacha suti kwa dobi. Mmoja nilisikia alizikwa na suti ya kuazima, na yake iko hapa imenyooka."

Dereva anaondoka na mashati yake, hacheki tena. Mama Pasi anasema kazi yake inaishia hapo, kuwatia watu wasiwasi kidogo. Wakimuuliza zaidi anawaelekeza kwa karani. "Mimi ni dobi. Sheria iliniingia kwa kunipiga, siijui yote."

Wosia wake ameshaandika. Mtu angesema hana cha kurithisha: pasi tatu, mabeseni, redio, akiba ndogo ya chama, na hizo suti tano pamoja na maelekezo ya nani atafutwe azichukue. Vyote ni vya mtoto wa dada yake, ambaye sasa ana miaka ishirini na tisa na ni muuguzi. Mashahidi wake ni fundi viatu wa chini na muuza mkaa yule yule, ambaye safari hii alipatikana.

"Nilihitaji watu wawili ambao sitawapa hata kibanio cha nguo," anasema. "Mtaa huu wapo tele."

Lakini alifanya jambo moja ambalo Bibi hakulifanya. Alimkalisha mpwa wake kitandani, akamsomea wosia wote kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Nikamwambia, Mama Mdogo, unanitisha, unaumwa?" anasema mpwa huyo. "Akasema, 'Siumwi. Nataka unishukuru sasa hivi, nisikie.' Nikamshukuru. Tukalia wote, halafu akaniuliza kama nitaitunza ile pasi ya mkaa au nitaiuza."

Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, simu yake iliita akiwa na pasi mkononi. Namba ilikuwa ngeni. Mwanamume wa upande wa pili alijitambulisha kwa kifupi: alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Barua ya karani ya kumtafuta ilikuwa imemfikia kupitia rafiki aliyesoma naye, na ndani yake kulikuwa na namba ya mtu anayeombewa ua. Ndugu zake hakutaka kuwapigia. Alitaka kuzungumza na huyo mtu.

"Sauti kavu," Mama Pasi anasema. "Akaniambia, 'Wewe ndiye unayetaka sahihi yangu.' Nikasema ndiyo, kaka, ni mimi. Akauliza nilikaa na mama yake muda gani. Nikamwambia miaka ishirini na minne. Halafu akauliza, 'Alinitaja?'"

Mama Pasi aliiweka pasi chini. Dirishani, kamba saba zilikuwa zinamwangalia. Anakiri kwamba neno moja tu lilikuwa linamtosha, na neno lenyewe alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi.

"Ningesema, 'Ndiyo, kila siku,' nadhani angesaini siku hiyo hiyo. Lakini ningemdanganya mtoto kuhusu mama yake aliyekufa. Sikuweza. Nikamwambia, hapana kaka, hakukutaja. Hata siku moja."

Ndipo akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kukifikiria kwa undani maisha yake yote ya kazi.

"Nikamwambia, lakini kuna shati."

Kila mwanzo wa mwezi, miaka yote ishirini na minne, Bibi aliweka ndani ya beseni shati dogo la shule, jeupe, lililokwisha kuwa rangi ya maziwa. Hakusema neno. Mama Pasi alilifua, akalinyoosha, na Bibi akalichukua kwa mikono miwili na kulirudisha kabatini kwake. Halikuwa na uzi mwekundu kwenye kola. "Sikuuliza. Dobi haulizi nguo ni ya nani kama mwenye nyumba hajasema. Nilidhani ni kumbukumbu ya utoto wa mumewe."

Mwanamume yule aliuliza kama kifungo kimoja cha shati hilo ni cha kahawia.

"Nikamwambia ndiyo, cha tatu kutoka juu."

"Alikishona yeye," mwanamume akasema. "Nilikuwa nimechelewa shule, akakosa cheupe." Wakabaki wameshika simu, watu wawili wasiojuana, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyovuta pumzi. Mwishowe yule mwanamume akasema, "Nitakuja mwisho wa mwezi," akakata.

Jioni mpwa alipopita kumsalimu na kuhadithiwa yote hayo, alipiga makofi ya mshangao. "Mama Mdogo! Na sahihi, alisema atatia?"

"Nilisahau kumuuliza," Mama Pasi alijibu.

Tunamuuliza na sisi, je, sasa anapanga nini? Tayari amemwomba binti mkubwa afungue kabati la Bibi siku moja kabla ya kitinda mimba kufika, kwa kuwa shati limekaa humo miaka miwili bila kuguswa na lazima limejaa makunyanzi. Atalifua mwenyewe. Anataka alipige pasi taratibu, aanze na kola, ili mwenye shati alipokee limenyooka.

Na akitia sahihi? "Siku hiyo hiyo naanika kule," anasema kwa haraka, na uso wote unamcheka. "Nitaanza na kamba ya nne."

Na asipotia? Anageuka dirishani, anaweka mkono wake kwenye kioo. Jua la saa nne limeanza kuingia kwenye korido.

"Ua nitaendelea kuutamani mpaka nife, siwezi kukuficha," anasema. "Lakini shati atalichukua, hata kama hatatia sahihi. Lile ni la kwake tangu zamani."